Mstari Mwekundu wa Mashua ya Bwana Mluzi

Mwanangu Kioko,

Sikuulizi kama u mzima, maana nimekuona sasa hivi ukitoka hapa na mama yako kwenda kuaga watu wa kanisa, umevaa koti langu ambalo mikono yake imekushinda urefu, na nimesikia kicheko chako mpaka mlipopinda kona. Nimebaki peke yangu na chai. Nina saa mbili, labda tatu, kwa sababu mama yako akienda kumuaga mtu huaga na kuku wake pia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii. Kikamba changu mama yako hukicheka, Kikuyu chake mimi hukiharibu, kwa hiyo tangu tuoane tumegombana na kupatana kwa Kiswahili, na wewe umekulia humo humo. Habari za blanketi, dawa ya tumbo na kutokula vitu vya dirishani kila gari linaposimama, mama yako amezisema tangu Jumatatu, na amenikanya nisiingie shamba lake. Siingii.

Kesho asubuhi unapanda gari la moshi kwenda Kisumu, kujifunza kuunda mashua kwa Ouma. Umewaambia vijana wote wa mtaa huu kwamba Ouma amekupokea kwa sababu wewe ni mtoto wa fundi aliyetengeneza chumba cha ndani cha mashua ya Bwana Mluzi, na kwamba Ouma alikuwa msaidizi wangu. Juzi ulimwambia kinyozi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi nikingoja zamu yangu. Nilijifanya nasoma gazeti, na kinyozi akanipigia saluti kwa kichana. Kioko, habari hiyo si kweli, na ni mimi niliyeiacha ikakua. Nataka uijue yote kabla hujamshika Ouma mkono.

Mwaka ule ulikuwa na miaka minane, na ulikuwa unakaa kwa nyanya yako kule Kilimambogo, kwa ajili ya shule. Hali ya hatari ilikuwa haijatangazwa. Mimi nilikuwa fundi seremala katika shamba la kahawa upande wa Theta, kwa yule mzungu tuliyemwita Bwana Mluzi. Alipiga mluzi tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wa shamba walikuwa wakijua hali ya siku kwa mluzi wake. Ukiwa mrefu, kahawa imeuzwa vizuri. Ukikatika ghafla, kila mtu alitafuta jembe la kushika.

Basi siku moja ilishuka mashua katika stesheni ya Ruiru. Nasema mashua, mwanangu, ya tanga, imelala juu ya behewa kati ya magunia na mapipa, imetoka Mombasa. Watu waliacha soko wakaja kuitazama. Bwana Mluzi alikuwa ameinunua kuukuu, mbao za nje nzima, lakini ndani yake chumba cha kulala kilikuwa kimeoza chote. Alitaka tukivunje, tukijenge upya, kisha aipeleke tena pwani kabla ya mavuno, kwa sababu pahali pekee penye paa la kuitosha palikuwa ni kiwanda cha kuoshea kahawa, na kahawa ikiiva haingoji mashua.

Tuliiegemeza humo kwa magogo. Mimi nikatajwa kuwa fundi mkuu. Nikapewa Ouma awe mkono wangu, Mjaluo mrefu aliyekuwa akitengeneza milango na majeneza pale Ruiru, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Nilikuwa bado kijana, nina cheti cha shule ya ufundi ndani ya fremu, na nina pima maji yangu ya shaba, yenye kiputo cha kuonyesha usawa, ambayo niliifuta kwa kitambaa kila jioni. Nilijiona. Mama yako atakwambia nilijiona kiasi gani, na usimwamini nusu yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kubomoa, na hiyo niliipenda sana. Tulitoa mbao zilizooza kwa mikono, zikivunjika vipande vipande. Tulikuta kijiko, kitufe cha koti, na chini kabisa ya sakafu maji meusi yenye harufu ambayo sijaipata tena na siitafuti. Kisha zikaonekana mbavu za mashua, safi, zimepinda zote kwa utaratibu, na nikakaa chini nikazitazama kwa muda. Mimi ni mtu wa nyumba, Kioko. Maisha yangu yote ukuta ulikuwa umesimama wima, sakafu imelala, na pembe ni pembe. Mle ndani hapakuwa na pembe hata moja. Nilifurahi na nikaogopa, na woga huo nikaufunika kwa kujifanya najua.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Niliunda meza nje, barazani, kwa mvule, miguu imechongwa vizuri, kisha tukaibeba hadi mashuani, na haikuingia katika ule mlango mdogo wa juu. Tuliigeuza, tukaipindua, Ouma akaingia ndani akaivuta, mimi nikaisukuma. Mwishowe kichwa chake kikatokeza akasema, "Fundi, tuiache hapo nje, na wenye mashua wawe wanatoka kula." Meza yenyewe ndiyo hii ninayoandikia. Sasa unajua kwa nini tuna meza nzuri kuliko nyumba.

Kosa la pili halikuwa la kuchekesha, ingawa watu walicheka.

Unajua viwanda vya kahawa. Sakafu humiminwa na mteremko ili maji ya kuoshea yakimbilie mferejini. Kwa hiyo mashua yetu ilikuwa imekaa kwa kuinama, nyuma chini na ubavu mmoja chini. Mimi nililiona hilo siku ya kwanza, na nikajipongeza kwa kuliona. Nilitoa pima maji yangu, na kila ubao niliouweka, niliusawazisha kwa pima maji hiyo: vitanda viwili, rafu, kabati la vyombo, meza mpya, sakafu. Mimi nilikuwa nikisema juu, chini, kidogo tena, na Ouma alikuwa ameishika.

Siku ya tatu au ya nne Ouma aliniita nje. Mashua ile ilikuwa imepakwa rangi mbili, nyeupe juu na kijani chini, na kati yake palikuwa na mstari mwembamba mwekundu unaozunguka mwili wote. Akaweka kidole juu ya mstari.

"Fundi, mashua haikai hivi. Tazama hii mstari inavyoshuka huku nyuma. Kwetu ziwani, hapa ndipo maji hufika."

"Huo ni urembo," nikamwambia.

"Urembo gani unazunguka mpaka mahali mtu haoni?"

"Ouma, kwenu mna mitumbwi. Hii ni mashua ya mzungu. Mstari ni rangi tu. Hii hapa," nikainua pima maji, "haidanganyi."

Aliitazama shaba yangu, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, wewe ndiye fundi," akarudi ndani kuishika. Neno hilo lilinifurahisha siku nzima.

Tulimaliza. Nakwambia chumba kilipendeza. Vanishi ilikuwa inang'aa, mama yako alikuwa ameshona mito ya vitanda kwa kitambaa cha bluu chenye milia, na milango ya kabati ilifungika kwa kidole kimoja. Bwana Mluzi akaamua kuijaribu kwanza katika bwawa la shamba kabla ya kuipandisha gari la moshi tena. Jumamosi watu walikuja wote, wachuma kahawa, wapishi, akina mama na watoto wao. Trekta ikaisukuma kwa tela mpaka majini, Bwana na mimi tumo ndani. Ikaelea, ikajinyoosha, ikakaa kama ilivyotaka kukaa yenyewe. Na pale pale ndani nikasikia milango yangu ya kabati ikifunguka, mmoja mmoja, pa, pa, pa, na vikombe vya Bwana vikitoka.

Nilipanda juu nikainama ukingoni, upande huu na upande ule. Mstari mwekundu ulikuwa umelala sawasawa juu ya maji, kuzunguka mashua nzima. Kila nilichokijenga kilikuwa kimeinama. Bwana Mluzi alijilaza kitandani kukijaribu, akabingirika mpaka sakafuni. Watu wa kando ya bwawa hawakumwona, lakini walisikia kishindo, na wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Mluzi ulikatika. Alipanda juu, uso mwekundu kuliko ule mstari, akauliza, "Nani napima hii?"

Kioko, nimefikia mahali pagumu. Mbele ya watu wote, nilisema, "Ouma ndiye alikuwa ameshika pima maji."

Hilo halikuwa uongo. Ouma alikuwa ameishika, kila siku, mbele ya macho ya Mungu. Nimejaribu kwa miaka mingi kujificha nyuma ya ukweli huo na haunitoshi. Ouma alingoja kidogo, nadhani alinipa nafasi ya kuongeza neno, na mimi nikawa natazama maji. Bwana akamwambia aondoke shambani. Akachukua mfuko wake wa vyombo, akapita katikati ya watu, akaenda.

Nilifika nyumbani, na mama yako alikuwa amefika kabla yangu, kwa sababu naye alikuwepo bwawani. Alikuwa anamenya viazi kwa nguvu ambayo viazi havikuistahili.

"Atiriri, Baba Kioko," akasema, "ati ni Ouma alipima?"

"Alikuwa ameishika."

"Ngai! Ouma huyo, hata kwa hii nyumba hashiki kikombe mpaka umwambie shika. Leo amejipimia mashua?"

Akatupa kiazi sufuriani, akaongeza, "Mito yangu imeanguka chini nikacheka. Lakini huyo mtu akiondoka na hiyo maneno mgongoni, mimi sitacheka na wewe tena." Unamjua mama yako. Bila kucheka haishi siku mbili, na aliapa hivyo akijua gharama yake.

Jumapili nilikwenda kambini Ruiru, alikokuwa akikaa Ouma. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilimkuta Ouma nyuma ya nyumba anafua shati, anaimba, na kamba ya nguo imejaa. Nilianza kuomba radhi, nikajieleza, nikarudi nyuma, nikajieleza tena. Akakamua shati lile mpaka likaisha maji.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuwepo. Najua nani alisema nini. Unapoteza pumzi bure kunieleza mimi. Nenda ukamwambie ambaye hajui."

Kisha akanipa upande mmoja wa blanketi nimsaidie kukamua, na tukalikamua.

Kesho yake nilisimama barazani kwa Bwana Mluzi kofia mkononi. Nilisema yote: pima maji, mteremko, mstari, na kwamba Ouma aliniambia na mimi nikamdharau. Nilitegemea kufukuzwa, na mama yako alikuwa amekwisha kuanza kufunga masufuria. Bwana akasema, "Wewe mjinga mara mbili." Nikakubali zote mbili. Akatembea mpaka mwisho wa baraza akarudi. "Bomoa yote. Leta Ouma. Sasa Ouma ndio fundi, wewe nashika."

Mwanangu, kama ungeniuliza wiki zipi za maisha yangu nimezifurahia kwa mikono yangu, ningekwambia ni zile zilizofuata. Hujaniuliza kwa sababu hukujua zipo. Mashua ilivutwa tena kiwandani, na asubuhi Ouma alipoingia akaizunguka, akaomba majeki mawili ya trekta. Tukainua nyuma, tukainua ubavu, taratibu, gogo baada ya gogo, naye ameweka pima maji yangu juu ya ubao uliofuata ule mstari mwekundu, mpaka kile kiputo kikakaa katikati. Akanirudishia. "Chombo chako hakidanganyi," akasema. "Ulikuwa unakiuliza habari za sakafu ya kahawa, kikakujibu habari za sakafu ya kahawa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jambo la kushangaza ni kwamba nilipoacha kuwa mkubwa, nilianza kuiona kazi. Ouma alinionyesha kukata karatasi ngumu ya maboksi ya majani ya chai, kuisogeza kwenye ubavu wa mashua, na kuburuta penseli iliyofungwa kwenye kijiti ili ifuate ule mpindo, ndipo uguse mbao kwa msumeno. Mbao zilikuwa zile zile za kwanza, tulizong'oa bila kuvunja hata moja, na kwa kuwa hatukuwa na nyingine tulilazimika kufikiri kabla ya kila kukata. Kitanda kilichokuwa kirefu kikawa rafu, rafu ikawa mlango. Nilishika pale nilipoambiwa nishike. Nilipoona jambo nilisema, naye alisikiliza, tena mara nyingine alilifuata. Sikuwa nimemfanyia hivyo.

Mama yako alikata mito upya, huku akituita majina ambayo siwezi kuyaandika Jumapili. Kitanda cha kwanza kilipokwisha alipanda akajilaza kuona kama mto umekaa, na akalala usingizi kabisa. Tulifanya kazi saa nzima kwa kunong'ona. Mtu wa kwanza kulala ndani ya mashua ile ni Wanjiru, mama yako, na Bwana Mluzi mpaka leo hajui.

Zilipobaki siku tatu mashua irudishwe bwawani, Ouma alipata barua kwamba mke wake amejifungua mapacha. Alivua aproni akaacha kazi ya kupaka vanishi mkononi mwangu, akapanda gari la moshi siku hiyo hiyo, anacheka peke yake. Hakurudi Ruiru tena. Alifungua karakana yake kando ya ziwa.

Na hapo ndipo wewe ulipoingia. Ilikuwa likizo, nyanya yako amekuleta, na ulikuwa umekaa mabegani mwangu kando ya bwawa. Uliona mashua ikielea, milango ya kabati imetulia, vikombe vya chai vimejaa juu ya meza na havimwagiki. Bwana Mluzi alitoa mluzi mrefu, kisha akanishika mkono mbele ya shamba zima akasema, "Fundi mzuri sana." Makofi yakapigwa. Nikasikia miguu yako ikipiga kifua changu kwa furaha, na sauti yako kule juu ikiwaambia watoto wengine, "Huyo ni baba yangu, ameijenga yeye!"

Ningesema neno moja tu. Ningesema, "Aliyeijenga ni Ouma, mimi nilimshikia." Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini ulikuwa mtoto, na ulikuwa juu, na sijawahi kupendwa kwa sauti kubwa namna ile. Nikanyamaza tena, kando ya bwawa lile lile. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga, mara ya pili kwa utamu, na hii ya pili imekaa miaka minane.

Mwaka huu nilipomwandikia Ouma kumwuliza kama atakupokea, alijibu mistari miwili: mtoto aje, na mapacha wanataka kuona mtu aliyetoka mahali mashua huoshewa pamoja na kahawa. Hakuuliza nimekwambia nini. Angekaa na wewe miaka yote ya mafunzo akikusikia ukimwita msaidizi wa baba yako, na asingekusahihisha. Ndivyo alivyo. Ndiyo sababu siwezi kumwachia kazi hiyo.

Kwa hiyo huendi Kisumu kwa sifa zangu, Kioko. Unakwenda kwa sababu mtu niliyemkosea ana moyo mpana. Najua utaumia kidogo, na labda leo utaniona mfupi kuliko asubuhi. Mimi nakuona vile vile nilivyokuona siku zote, na nakupenda zaidi ya vile makofi yale yalivyonifanya nijipende. Nimefurahi sana unakwenda. Nimefurahi kwamba mikono yako, ambayo tangu ulipokuwa mdogo inagusa mbao kabla ya kuuliza, itafundishwa na yule aliyeifundisha mikono yangu nikiwa tayari nina cheti.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini kabisa ya sanduku lako, kati ya mashati, uikute baada ya Nakuru nikiwa mbali. Nimeifikiria mipango hiyo na nimeiona ilivyo. Sasa nawasikia mko kwenye kona, mama yako anakucheka kwa sababu ya lile koti. Nakunja karatasi. Nitakupa mkononi ukiingia mlangoni, nitavuta kiti kingine mezani, na utaisoma hapa hapa mimi nikikutazama.

Baba yako,
Musyoka, aliyemshikia Ouma pima maji